Anti, mdogo wangu ana alama za kamba mikononi, kituo wananiambia nisimsikilize kwasababu ni mgonjwa

Shikamoo Anti. Naomba usinitaje jina wala usitaje kituo, mdogo wangu bado yuko ndani humo na naogopa wakijua nimeandika watamalizia hasira kwake.

Mimi ni dada mkubwa kwetu, nipo Dar nauza nguo Kariakoo na kidogo online. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 26. Aliugua akiwa chuo mwaka wa pili, mwanzo tulidhani ni bangi tu maana alikuwa anavuta hatukatai, af baadae akaanza kusema watu wanamsoma mawazo, anaziba madirisha kwa magazeti, halali, siku moja akampiga mama na mwiko akimwambia wewe sio mama yangu mama yangu umemficha wapi. Tukazunguka kwa waganga na kwenye maombi kama familia nyingi tu, mwisho Muhimbili wakasema ni skizofrenia. Wakamwanzishia sindano ya Modecate ya kila mwezi pamoja na Artane, vile vidonge vya kuzuia kutetemeka na kukakamaa, na kusema ukweli alitulia, akawa anaosha bodaboda za watu anapata hela yake ya vocha. Shida yake akijiona mzima anaacha dawa. Akiacha dawa ndo tunarudi palepale.

Baba alishafariki, mama yuko Morogoro ana presha na magoti hayamtaki tena. Mara ya mwisho alivyovurugwa alivunja vioo vya jirani, ndo baba mdogo akasema imetosha, akatafuta kituo huko mkoa wa Pwani. Ni nyumba kubwa ya mtu yenye ukuta mrefu, wenyewe wanajiita soba, yani nyumba ya kuwatoa watu kwenye dawa za kulevya, ila wanapokea na wagonjwa wa akili. Baba mdogo ndo analipa laki tatu na nusu kwa mwezi, dawa tunanunua sisi tunapeleka. Kumuona ni Jumapili moja kwa mwezi na wanakaa na nyinyi hapohapo mezani, simu haruhusiwi, wakipiga video kol kuna mtu pembeni unamsikia anamwambia sema uko poa.

Sasa nilivyoenda mara ya mwisho Anti nilishtuka. Amekonda, suruali amefungia kamba ya kiatu. Mate yanamtoka anafuta na shati, mikono inatetemeka mpaka soda nimemshikia mimi, anatembea amekakamaa kama mti. Na kwenye vifundo vya mikono yote miwili ana alama nyeusi za duara. Yule msimamizi alivyoinuka kupokea simu akaninong'oneza dada usiku wananifunga kitandani, nikiamka kwenda chooni wananifunga. Nikamuuliza meneja, akacheka, akasema dada hawa watu wana stori, juzi huyuhuyu kaniambia mimi ni rais wa nchi, na hilo nalo uamini? Alama eti anajikuna. Nikauliza dawa anapewaje akasema tunamsagia kwenye uji, ukimpa mkononi anagoma. Na kuna kijana alikuwa analala naye chumba kimoja, mwembamba mpole hivi, hayupo. Nimeambiwa karudishwa kwao.

Baba mdogo nimemwambia akanijibu kwahiyo unataka arudi amuue mama yako? Mama analia tu, anasema angalau sa hivi nalala usingizi. Mimi sijui nishike lipi. Inawezekana kweli anadanganya maana kuna siku anaongea vitu havieleweki. Nina haki ya kumtoa wakati anayelipa sio mimi? Na nikimtoa nampeleka wapi Anti?

Dada Mkubwa, Dar


ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Nianze na lile la kudanganya, maana meneja amekuweka hapo makusudi ubaki unajiuliza wewe badala ya kumuuliza yeye. Mdogo wako anaweza kuamini vitu ambavyo havipo, huo ndo ugonjwa wenyewe. Lakini skizofrenia haichori alama ya kamba kwenye mikono yote miwili. Hata angesema kafungwa na malaika, alama zipo, umeziona kwa macho yako, na mtu mwenye kazi ya kumlinda mdogo wako ndo alitakiwa aanze kukuonyesha yeye kabla hujauliza na kukwambia zimetokeaje, siku gani, nani alikuwepo, na wapi pameandikwa. Mtu aliyejibu kwa kicheko hana pa kukuonyesha. Na angalia alivyosema mgonjwa, hajasema tu nafungwa, amesema nafungwa nikiamka kwenda chooni. Hiyo ni habari yenye saa na sababu. Mimi naiamini mpaka nionyeshwe vingine.

Kumshika au kumfunga mgonjwa aliyechafukwa kupo hata hospitali, nisikufiche. Ila kule ni pale njia zote zimeshindikana na mtu anataka kujiumiza au kuumiza wengine, anaamua mtaalamu, kwa muda mfupi, kuna mtu anakaa anamwangalia, na inaandikwa kwenye faili. Kumfunga mtu usiku ili mlinzi alale, hiyo sio tiba. Katiba yetu ibara ya 13 inakataza mtu kuteswa na kupewa adhabu za kumdhalilisha na haikuweka mabano ya kusema isipokuwa mgonjwa wa akili. Mwaka 2020 Human Rights Watch walitoa ripoti ya nchi kama 60 hivi ambako watu wenye magonjwa ya akili wanafungwa minyororo, majumbani, kwa waganga, kwenye nyumba za ibada, na kwenye vituo kama hichohicho mnacholipia. Kwahiyo sio mdogo wako kaota.

Sasa hizo dalili zingine. Mate, kutetemeka, kukakamaa, hizo ni tabia za dawa anazotumia hasa kipimo kikizidi au Artane ikikosekana. Modecate na dawa zingine za ugonjwa huu kama haloperidol na Largactil zote zinaweza kumfanya mtu awe hivyo na daktari akiona anapunguza dozi au anabadilisha dawa au anaongeza Artane, ni jambo linalorekebishika kabisa. Hofu yangu ni kwamba wanamchoma Modecate halafu wanamwongezea vidonge vingine vya kumlaza kila siku ili awe kimya, maana mtu kimya ndo mgonjwa mzuri kwenye nyumba yenye wahudumu wachache. Na hiyo ya kusaga kwenye uji ndo inanimaliza, maana akiacha nusu bakuli amepata dozi ngapi? Na mwenzake akimalizia uji wake je? Kumdanganya mtu dawa zake kwenye chakula kuna jingine pia, siku akigundua ataacha na kula, na huyu tayari ana mawazo kwamba watu wanamfanyia njama. Watakuwa wamempa ushahidi.

Shika hili kwa herufi kubwa: ukimkuta ana homa kali, mwili umekakamaa kama ubao na haelewi anachosema, au shingo imepinda na macho yamegeukia juu, hiyo ni hospitali saa hiyohiyo, hakuna cha kusubiri meneja wala Jumapili. Na usimwachishe dawa wewe mwenyewe kwa hasira, ukikata ghafla utarudi kwenye vioo vya jirani.

Kingine umekitaja haraka haraka ukapita, suruali kufungwa na kamba ya kiatu. Mimi hapo ndo nimesimama. Watu wakifikiria hatari za nyumba hizi wanafikiria kupigwa na kubakwa, ni kweli vipo, lakini kinachoua sana kinaua taratibu na hakina kelele. Afrika Kusini mwaka 2015 serikali ya jimbo la Gauteng iliamua kuvunja mkataba na hospitali za Life Esidimeni zilizokuwa zinatunza wagonjwa wa akili wa muda mrefu, wakidai pamoja na mengine ni kubana matumizi, wakawahamishia watu zaidi ya elfu moja kwenye vituo vya mashirika madogomadogo. Familia nyingi hazikuambiwa ndugu zao wamepelekwa wapi. Profesa Malegapuru Makgoba aliyechunguza akaja kusema Februari 2017 kwamba vile vituo 27 walikohamishiwa watu vyote vilikuwa vinaendeshwa bila leseni halali. Mpaka jaji mstaafu Dikgang Moseneke anatoa uamuzi wake 2018 idadi ya waliokufa ilikuwa 144. Na hawakufa kwa ukichaa. Ni njaa, kukaukiwa maji, nimonia, kuharisha, kifafa kisichopewa dawa, baridi. Vitu ambavyo mzani wa duka la dawa na jagi la maji vingewahi kuvionyesha.

Kwahiyo mpime uzito. Naona unaona dogo, lakini ukimtoa hata kwa saa mbili mpeleke duka la dawa lolote apande kwenye mzani, piga picha namba, na angalia kama kadi yake ya Muhimbili ina uzito wa zamani. Baba mdogo anaweza kubishana na machozi yako ila kilo hawezi kubishana nazo. Muulize mdogo wako maji anakunywa saa ngapi na nani anatoa, maana dawa hizi, kama Largactil, zinaweza kuufanya mwili ushindwe kujipooza na jua la Pwani unalijua. Uliza usiku anabaki nani, na kama wanafungiwa, ufunguo wa wanakolala unakaa kwa nani, kwasababu watu waliofungiwa kwa kofuli kwa nje huku mlinzi kaenda kwa mkewe ni moto mmoja tu wa mshumaa umebaki. Muangalie na ngozi kama ana upele, na kama anakohoa muda mrefu wapime TB, chumba chenye watu wengi kisicho na madirisha hakimwachi mtu salama.

Na soba jamani. Nina heshima na soba, zimetoa vijana wengi kwenye unga na wanaoziendesha wengi ni watu waliopitia huko wenyewe, wanajua wanachofanya kwa teja. Lakini skizofrenia sio uteja. Kwenye soba fikra nzima ni kuacha, kuwa msafi, na dawa yoyote ya kukulewesha ni adui. Huyu wa kwenu anatakiwa asiache dawa yake maisha. Mnachukua mtu mwenye ugonjwa wa ubongo mnampa kwa mtu ambaye ujuzi wake ni uraibu, hana nesi, hana daktari anayepita, halafu akigoma kidonge wanadhani ni jeuri. Ndo kamba zinapoanzia hapo, wengine hata sio wabaya, hawajui tu cha kufanya saa nane usiku.

Tuje kwenye kutenda. Usisubiri Jumapili. Nenda katikati ya wiki, mchana wa chakula, bila kupiga simu, na usiende peke yako, chukua ndugu wa kiume au shoga yako mwenye moyo mgumu, na kama baba mdogo atakubali mpeleke yeye kabisa akaone kwa macho anachokilipia. Fika uombe mambo mawili. La kwanza kukaa na mdogo wako chini ya mti bila mtu pembeni. La pili kumtoa siku hiyohiyo aende kuonwa na daktari wake, mwambie meneja anatetemeka, anahitaji kupimwa, nitaenda naye mimi. Hilo sio uongo na hakuna kituo cha haki kinachokataa mgonjwa kwenda hospitali. Wakikataa moja kati ya hayo wameshakujibu maswali yote, usigombane getini. Toka hapo nenda moja kwa moja kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri na kwa Mganga Mkuu wa wilaya, waulize wote wawili swali moja, hiki kituo mnakijua? Kimesajiliwa kama nini? Kuna mratibu wa afya ya akili wa mkoa pia, mtake. Kwa kuwa wanajiita soba, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya nao wanahusika. Na kama kuna mtu humo anachoma sindano akijiita nesi au daktari, Baraza la Uuguzi na Ukunga na Baraza la Madaktari ndo wenye majina ya wanaoruhusiwa.

Ukimpata mkononi, hospitali kwanza nyumbani baadae. Kama alama ni za kufungwa pitia polisi chukua PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyeumizwa, maana bila hiyo utazungushwa, na daktari akiandika kwenye PF3 kwamba ni majeraha ya kamba basi neno la meneja limeshapata mpinzani mwenye muhuri. Piga picha za mikono lakini muombe ruhusa mwenyewe, ni mtu mzima. Na nakusihi usizirushe TikTok wala status. Najua hasira, najua watu wangeshea, lakini kijana akipona kesho akatafuta kazi uso wake utakuwa umezunguka nchi nzima akitoka mate, na wenzake waliobaki ndani wanaweza kuhamishwa usiku kabla ustawi hawajafika.

Kuhusu nani ana haki ya kumtoa. Baba mdogo analipa, hajamnunua. Mdogo wako ana miaka 26, kama aliingia kwa hiari yake anatoka kwa hiari yake. Kama aliingizwa kwa nguvu, Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 ina utaratibu wa kumlaza mtu asiyetaka, unapita kwa madaktari na mahakama, haupiti kwa mwenye nyumba na ukuta wake. Kwahiyo wakikwambia mpaka aliyemleta asaini, waulize wanamshikilia kwa amri ya nani. Wanaweza pia kukutolea deni, mara mwezi haujaisha mara kuna gharama za uharibifu. Deni linadaiwa kwa karatasi, mtu hashikwi rehani, na hapo ukiita polisi unaita kwa haki. Ukikwama tafuta msaada wa kisheria, hata Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora wanapokea malalamiko ya aina hii na hayahitaji wakili.

Kabla hujaondoka getini chukua kitu kimoja ambacho kila familia inasahau kwenye purukushani: tarehe ya sindano yake ya mwisho. Modecate inakaa mwilini wiki kadhaa, daktari asipojua amechomwa lini ama atamrudishia mapema azidiwe ama atachelewa avurugwe. Chukua na dawa zote zilizobaki na maboksi yake, zihesabu na ulizopeleka. Zikiwa nyingi kuliko inavyotakiwa alikuwa hapewi, zikiwa zimeisha mapema kuna mtu anazimaliza.

Wapi akae. Hapa ndo mama yako na baba mdogo wana hoja na nisingependa uwaone maadui. Mama kapigwa na mwanae wa kumzaa, anaogopa, na hofu yake sio ujinga. Usimpeleke Morogoro usiku ule ukamwachia mlangoni. Muombe daktari amlaze kwanza wodini, Muhimbili au hospitali ya rufaa ya mkoa, mpaka dawa zirekebishwe arudi kula vizuri, hizo siku ndo familia mnakaa mnapanga. Inawezekana mkapata kituo kingine, sikatai vituo vyote, kule Korogwe kuna Lutindi ya Kanisa la Kilutheri inahudumia wagonjwa wa akili zaidi ya miaka mia sasa, na Mirembe Dodoma ndo hospitali ya taifa. Au anaweza kukaa chumba cha kupanga jirani na wewe, wewe ukiwa wa kumpeleka sindano na jioni kula pamoja. Nakumbusha tu kwamba alipokuwa anapata sindano yake kwa wakati alikuwa anaosha bodaboda na ana hela ya vocha, wewe mwenyewe umeandika. Kilichoharibika ni ufuatiliaji, na laki tatu na nusu kwa mwezi inaweza kusaidia chumba, chakula, nauli ya kliniki, na kijana wa jirani wa kumpitia kila siku. Mpigie hesabu hiyo baba mdogo kwenye karatasi, mwanaume wa kulipa anaelewa karatasi. Dirisha la ustawi wa jamii hapo hospitali uliza na msamaha wa gharama, magonjwa ya akili ya muda mrefu yamo, japo dawa zikiisha famasi watakutuma nje.

Ukija kukaa na kituo kingine uliza kabla hujalipa hata shilingi: naweza kuja siku yoyote? Dawa zinaandikwa wapi na nani anasaini? Nesi wa usiku anaitwa nani? Wakianza na maelezo marefu ya sera za taasisi, chukua mkoba wako.

Yule kijana mwembamba sijamsahau. Inawezekana kweli yuko kwao anakula ugali, watu wanarudishwa. Lakini unapoandika malalamiko yako ustawi wa jamii liandike na hilo, kwamba kulikuwa na mgonjwa wa chumba kimoja na mdogo wangu, jina lake la kwanza kama unalijua, mara ya mwisho nilimuona mwezi fulani, naomba ithibitishwe yuko wapi. Kituo chenye rejista kitafungua ukurasa kionyeshe nani alikuja kumchukua na sahihi yake. Mdogo wako akitulia wodini muulize na yeye taratibu, sio siku ya kwanza, wale wanaolala chumba kimoja wanajuana.